Moshi kwenye Kiwanja cha Merti

Jumatatu, 6 Machi 1967
Nimejiahidi kuandika yote humu, hata ya aibu. Leo nimefua sare, nimeteka maji, nimempelekea Baba chai uwanja wa ndege. Kazi yake ni kujaza ndege mafuta kwa pampu ya mkono, akiyachuja kwa ngozi laini. Mapipa yamebaki machache. Malori hayaji bila msafara wa askari, na bei imepanda tena.

Mama bado yuko Merti. Alienda kumuuguza Akko, mama yake Baba, aliyevunjika mguu. Kisha vita vya mashifta, wale waasi wenye bunduki, vikafunga barabara. Sasa ana mimba kubwa, na habari imefika kwa redio ya polisi: mtoto amekaa vibaya tumboni. Anahitaji hospitali. Njia ni ndege tu.

Jumatano, 8 Machi
Mzee Mwiti amekubali. Ndiye hukodi ndege kupeleka miraa, ile mirungi ya kutafuna na kukesha, kaskazini. Zamani ilikuwa karibu kila siku. Kwa bei hii ya mafuta, mara moja kwa wiki. Kesho ikirudi bila mzigo itapita Merti imchukue Mama.

Mzee Mwiti alimwambia Baba, "Baba Halima, ndege yangu ya miraa haijawahi kuzalisha mtu angani. Mwambie mama asianzishe."

Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Machi
Ndege imerudi bila Mama. Nina hasira.

Rubani ni mgeni. Aliona moshi kwenye kiwanja cha ndege cha Merti, akadhani mashifta wamechoma kituo cha polisi. Akageuza. Kumbe moshi ni desturi yetu. Watu wakisikia ndege huchoma majani mabichi, rubani aone upepo unaelekea wapi. Marubani wa zamani walijua. Huyu hatukumwambia. Hatukufikiri kuna mtu asiyejua.

Mafuta yameungua bure. Baba aligonga mapipa, moja baada ya jingine. Yote yalilia utupu. Akajifuta uso kwa ile ngozi ya kuchujia.

Jumapili, 12 Machi
Mawingu upande wa Meru. Udongo wa Merti ukilowa, ndege haiwezi kutua.

Baba ameomba askari wa redio awaambie Merti: wasiwashe moto. Watandaze kitambaa cheupe, kikubwa. Rubani akikiona atajua ni salama.

Sijala. Niliahidi kuandika yote, basi naandika. Naogopa Mama atakufa.

Jumanne, 14 Machi
Msafara umefika na mapipa. Baba amechuja mafuta mara mbili. Mzee Mwiti amepunguza magunia ili ndege ibebe mafuta ya kutosha kupitia Merti.

"Wateja wangu watatafuna kidogo," alisema. "Kwa mara ya kwanza watalala mapema."

Leo nilicheka. Nilishangaa kujisikia.

Jumatano, 15 Machi
Mama amekuja. Amekuja. Alishuka kinyumenyume, miguu imevimba, mkono mmoja begani kwa Baba. Alinuka moshi wa nyumba ya Akko. Tulimpeleka hospitali hapo hapo. Nesi alisema tumewahi.

Ijumaa, 17 Machi
Ni msichana. Wote wawili wazima. Mvua imeanza, na mimi sijali tena. Inyeshe.

Mama ananyonyesha na kunisimulia polepole. Merti hapakuwa na kitambaa cheupe kikubwa. Shuka zote zilikuwa zimechakaa au zina rangi ya vumbi. Akko alifungua sanduku lake akatoa sanda, ile aliyojiwekea tangu nikiwa mdogo. Akaitandaza kiwanjani mwenyewe, akichechemea, akaibana pembe kwa mawe. Wanawake walimwambia si vizuri. Akawaambia yeye hana haraka nayo.

Baba anasema udongo ukikauka rubani atapeleka dawa Merti. Nitamwomba amfikishie Akko swali langu, na arudi na jibu kwa ndege hiyohiyo.

Akko, ile sanda umeikunja ukairudisha sandukuni, au umeiacha karibu, ili ndege ije ikulete huku na wewe?