Kompyuta ya Shangazi Inayoganda

Wewe, uko? Sikia yaliyonipata.

Ile kompyuta kuukuu ya shangazi, yenye mfumo wa Linux, bado inaganda ovyo. Na rekodi za sauti ya marehemu mumewe zimo humo tu. Kila nikianza kuzinakili, inaganda.

Nilishasasisha mfumo, wapi. Leo nikapima memori, yaani RAM, skrini ikajaa makosa mekundu. Memori ziko mbili, kama vijiti, basi nikachomoa moja, nikawasha. Giza. Inalia pii pii tu.

Shangazi kasimama nyuma yangu. Akauliza polepole, "Umemzima?"

Hakusema umeizima. Kasema umemzima.

Nikamwambia, "Subiri kidogo, shangazi." Kumbe nilichomoa ile nzuri, mbovu nikaiacha ndani. Nikazibadilisha, nikawasha tena. Ikawaka.

Sasa hivi nanakili kila kitu kwenye flashi, na haijaganda hata mara moja. Yeye kavuta kiti kando yangu, anamsikiliza mumewe akilalamika kwamba chai haina sukari.

Na anamjibu.