Maji Yaliyolala

Jumanne.

Maji ya bwawa, digrii kumi na saba tena. Wiki ya tatu sasa, na tilapia wangu hawajachimba hata kiota kimoja. Afisa wa samaki alinionya kwamba maji yakiwa baridi hivi hawatagi. Lakini bwawa nimelifunika kwa nailoni, na jua la Elburgon limewaka wiki nzima. Hilo joto linaenda wapi?

Leo nimejua. Nimeamka mapema nikamkuta mama mkwe bwawani, amefungulia paipu ya kutoka mtoni. Maji ya msitu wa Mau, baridi ya kuuma meno.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawabadilishia maji. Si mimi huja kila asubuhi ukiwa umelala? Mnyama hanyweshwi maji yaliyolala."

Mtu amefuga ng'ombe maisha yake yote, mimi nitamfundisha nini? Na kina mama wa chama nimewaahidi vifaranga vya samaki kabla ya Pasaka. Nikiwakosea...

Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka, nikasema asante. Asante!

Alifurahi sana. Amesema kesho atafungulia mapema zaidi.