Bei Niliyompa Mzee Ntandu

Jumatano, Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi la kijijini kwetu Ikungi nimerudi nalo hapa mjini Mandewa hadi masikioni.

Nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Serikali inachukua shamba la mama ipitishe barabara. Leo mthamini alikuja ofisi ya kijiji kutusomea thamani ya kila shamba. Mama ana ekari nne, amelima humo uwele na alizeti tangu sijaanza shule. Fidia aliyosomewa haitampatia hata nusu ya shamba kama hilo kwingine.

Akauliza kwa upole, "Hiyo bei umeitoa wapi, baba?"

"Ni bei ya soko, mama. Tunaangalia mashamba yaliyouzwa hapa karibuni."

Kwetu watu hawauzi mashamba. Kwa miaka yote hii limeuzwa moja tu. Jirani yetu, Mzee Ntandu, aliuza ekari mbili mkewe alipolazwa. Alitaka hela siku ileile.

Mnunuzi nilikuwa mimi.

Sijawahi kuliandika hili. Alitaja bei, nikakaa kimya, maana nilijua hana pa kwenda. Akashusha. Nikakaa kimya tena. Akashusha mara ya pili, tukasaini karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nilirudi mjini nikijiona mjanja.

Karatasi ile ndiyo aliyokuwa nayo mthamini mezani leo.

Nilitamani kunyamaza. Lakini Mzee Ntandu alikuwa amekaa benchi la mbele, na kipande alichobakiwa nacho kinachukuliwa kwa bei hiyohiyo. Asubuhi alikuwa ameipokea shikamoo yangu vizuri tu. Nikasimama, nikasema mbele ya watu wote kwamba ile haikuwa bei ya shamba. Mzee alikuwa na mgonjwa, na mimi nikambana.

Mthamini alinisikiliza hadi mwisho. "Kaka, mimi nafuata kilichoandikwa. Kama una pingamizi, lilete kwa maandishi."

Basi. Shida ya mtu mmoja ikishasainiwa, inakuwa soko la kijiji kizima.

Mama alikataa kusaini. Wengine kama sita wakamfuata, wengine wakasaini kwa kuogopa kukosa vyote.

Nje, Mzee Ntandu alisimama karibu yangu akifunga kitambaa shingoni. "Maneno yale ungeyasema siku ile, mwanangu," akaniambia, bila ukali. Akaondoka.

Afadhali angenitukana.

Jioni hii nimeanza barua ya pingamizi mara tatu. Kila nikifika kwenye bei niliyompa, kalamu inasimama. Ila itaandikwa, pamoja na jina langu. Nitampelekea Mzee kwanza aisome, akiona nimeficha kitu nianze upya.

Na kile nilichompunja, ambacho hajawahi kunidai, nitamrudishia kwa uso gani?