Kisiguswe Kitu Kitaluni

Kwako kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekuachia upande ngazi. Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Najua umeshasikia kwamba nimempeleka mdogo wetu kortini, na najua umekasirika. Mkataba wa kitalu uliuandika wewe kwa mkono wako: tukigombana, msuluhishi ni wewe, na neno lako ndilo la mwisho. Sikukuruka, kaka. Ila ulisema huwezi kufika kabla ya miezi miwili, na yeye alikuwa ameshamwahidi mwenye shamba mmoja miche yetu yote ya michungwa, elfu mbili na ushee, bila hata kunidokeza. Nimekuja kuambiwa na dereva wa mbolea! Miaka tisa nachanganya udongo na kujaza viriba vya miche, kumbe mimi ni kibarua tu. Wakili akanieleza kwamba korti haitaamua ugomvi wetu, hiyo ni kazi yako, lakini inaweza kusimamisha mambo mpaka utakapokaa kutusikiliza.

Hakimu alikubali siku hiyo hiyo. Amri ikabandikwa getini: mpaka msuluhishi akae, asiingie mtu, kisitoke kitu, kisiguswe kitu. Korti ikaweka na mlinzi wake.

Halafu jua likawaka kama limetumwa. Mdogo wetu akawa anakuja kila asubuhi na keni yake ya kumwagilia, imejaa maji, anasimama nje ya waya. Mlinzi akamwambia amri ni amri. Hakubishana. Akiniona ananiamkia kwa adabu zote, mpaka nikatamani anitukane. Majani yakajikunja, yakawa ya njano, yakaanza kudondoka. Ni miche aliyoikata na kuibebesha vikonyo, mmoja mmoja, kwa kisu chake, hata siku za homa. Anawaambia watu hana kinyongo na mimi, ni hakimu tu aliyesahau maji.

Kaka, hakimu hakusahau. Kabla maombi hayajachapwa, wakili aliniuliza kama tuombe mtu aruhusiwe kuingia kumwagilia. Nikamjibu hakuna haja, tuna mabomba yanayojifungua yenyewe. Hatuna bomba la namna hiyo, nawe unajua. Nilitaka kumkomoa. Nilitaka aruke waya nimshtaki kwa kuvunja amri, au aje kunipigia magoti. Wiki ya pili wakili akasema bado tunaweza kurudi kortini kuirekebisha amri, nipite tu nitie sahihi. Nikamwambia nimebanwa na kazi. Kazi gani? Kazi yangu ilikuwa hicho kitalu.

Jana nilichungulia. Imekauka yote, mpaka ile ya kivulini. Yule mwenye shamba amekwenda kwingine, na wewe utafunga safari kuja kuamua nani auze vijiti.

Ukifika, mkataba uache kwanza. Msomee mdogo wetu barua hii, mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Nimekwenda kwake mara mbili nimwambie mwenyewe, na mara zote mbili alinivutia kiti, akaniuliza kama nimekula, nikarudi na maneno yangu rohoni.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Waambie shangazi yao hajambo.

Ni mimi,
mdogo wako anayekufuata.