Mkate wa Reuben

Burslem, 12 Oktoba 1884

Kwako mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepoa. Sisi hatujambo, isipokuwa mikono yangu inauma nikitoka kiwandani. Dorcas anakusalimu sana.

Mama, nina neno, na nikilizungusha nitashindwa kulisema. Kuna mfinyanzi hapa, Eli Wooldridge, mgane, anataka kunioa. Si mlevi wala si mtu wa maneno mengi. Amesema mke wake hatachovya vyombo kwenye ule uji wa kung'arishia, wenye sumu ya madini ya risasi, na mtoto wa mke wake atabaki shuleni. Wewe hujawaona wanawake wa chumba chetu cha kuchovya. Wakifika miaka thelathini viganja vinaning'inia, hata kikombe hakishikiki. Mwakani Krismasi Dorcas atatimiza kumi, na msimamizi ameshamtengea nafasi humo humo.

Kasisi wa huku alimwandikia kasisi wenu kumwuliza kama mume wangu Reuben amekufa, ili niweze kuolewa. Akajibiwa kwamba, tangu Reuben aende machimbo ya Amerika miaka mitano iliyopita, kila Siku ya Roho za Marehemu waimbaji wanaowaimbia wafu kwa malipo ya mkate wakifika mlangoni pako unawapa mkate wa marehemu baba mkwe, lakini wa Reuben hujautoa, na yeye hawezi kumhesabu miongoni mwa wafu mtu ambaye mama yake hajamtaja. Basi mwaka huu mtaje, mama. Mkate mmoja tu.

Mkazamwanao,
Keziah

Wetherlow, 4 Novemba 1884

Kwako Keziah, mkwe wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mjukuu wangu. Mimi mzima, goti ndilo lina mambo yake.

Waimbaji walikuja juzi. Isaac Dutton bado ndiye anayewaongoza, na sauti yake bado ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Walikuwa wameshapitia nyumba tatu zenye bia, kwa hiyo kwangu waliimba ubeti wa pili kabla ya wa kwanza. Niliwapa matofaa na mkate wa mume wangu. Wa Reuben sikuutoa, Keziah, na usiniombe tena. Mtu hai haimbiwi. Anayeimbiwa akiwa hai hapati tena njia ya kwao, hilo nililikuta na nitaliacha.

Huyo mfinyanzi wako mwambie subira haiozi. Kama anakupenda atangoja.

Mama mkwe wako,
Tamar Sproston

Burslem, 18 Oktoba 1885

Kwako mama mkwe,

Shikamoo. Sikukuandikia mwaka mzima kwa sababu nilikasirika, na sasa naandika kidogo kwa sababu kalamu inaponyoka. Hatujambo. Eli amengoja kama ulivyosema. Imebaki miezi miwili Dorcas afike kumi. Sina la kuongeza.

Mkazamwanao,
Keziah

Wetherlow, 3 Novemba 1885

Kwako mwanangu Keziah,

Salamu za upendo. Unaendeleaje na mikono? Pakaa mafuta ya bata kabla ya kulala.

Nimeutoa. Jana asubuhi nilikanda unga na viungo, nikaoka miwili. Walipokuja jioni na taa yao niliwaacha waimbe hadi mwisho, kisha nikampa Isaac mkate wa kwanza nikasema wa nani, halafu nikampa wa pili nikasema, "Na huu wa mwanangu Reuben." Unajua jina jipya likitajwa wanavua kofia na kuanza wimbo upya, lakini Isaac hakuivua. Aliwahi kumbeba Reuben mabegani katika shughuli hiyo hiyo.

Akaniuliza, "Mama Sproston, una hakika?"

"Nimesema Reuben. Imba."

Wakaimba, na safari hii hakuna aliyekosea ubeti. Isaac akaumega mkate, wakaula pale pale mlangoni, nami nikasimama mpaka walipoumaliza. Leo kasisi amekuja kunipa pole, akasema atamwandikia kasisi wenu. Olewa, mwanangu. Mtoe mtoto huko.

Mama yako,
Tamar

Wetherlow, 24 Novemba 1885

Kwako mwanangu Keziah,

Salamu. Wiki tatu sijapata hata mstari kutoka kwako. Kasisi anasema ndoa yenu inatangazwa kanisani, lakini wewe umenyamaza, na nahisi umeshajua. Barua hii isome peke yako, kisha ichome.

Reuben yu hai. Aliniandikia miaka mitatu iliyopita kutoka Pennsylvania. Ana mke huko na watoto wawili wa kiume, akaniomba nikufiche. Niliichoma barua yake na kukaa kimya, nikidhani yule mwanamke atamchosha, atarudi kwako, na wewe hutajua kitu. Ndiyo sababu nilikunyima mkate. Nilikuwa namlinda yeye, si wewe. Niliona aibu, na aibu ikanifanya mwongo.

Tangu siku ile silali. Nilisimama nikawatazama wakila mkate wa roho ya mwanangu anayepumua. Hilo ni langu, na nitalibeba. Lakini wewe olewa hivyo hivyo. Anayejua ni mimi na wewe tu.

Nisamehe,
Mama yako

Burslem, 6 Desemba 1885

Kwako mama,

Salamu. Anayeniandikia ni Bi. Leese wa chumba cha chini. Sikunyamaza kwa kukukasirikia. Tangu Oktoba viganja vyangu vimelegea, siwezi kushika kalamu wala kukunjua karatasi. Nilikuficha ili usihuzunike.

Barua yako alinikunjulia Eli. Alikaa karibu na moto, akaisoma kwa sauti kama anavyonisomea kila kitu. Yale maneno ya kuisoma peke yangu tuliyacheka, nikamwambia, "Endelea, mimi na wewe ni kitu kimoja." Akaendelea. Alipofika kwa Reuben sauti ilishuka, lakini alisoma hadi neno la mwisho, kwa kuwa ni mtu wa kumaliza anachoanza. Kisha akaikunja akaniwekea mapajani.

Akasema, "Keziah, wametutangaza mara mbili. Mara ya tatu siwezi kusimama pale, na mumeo yu hai."

Nilimwambia maneno yote niliyokuwa nayo. Alilia, mama, lakini alivaa kofia yake. Jumapili ile kasisi hakututangaza.

Kiwandani hawanitaki tena, hata kufagia. Msimamizi alikuja mwenyewe kuniuliza habari za Dorcas, nami nikamkubalia. Anaanza Krismasi ikipita, atakuwa anafuta vyombo vinavyotoka kwenye uji. Amefurahi kupewa aproni.

Bi. Leese anahamia kwa binti yake wiki ijayo. Baada ya hapo atakayenisomea barua ni Dorcas, naye ameshamlilia baba yake akamaliza. Kwa hiyo usiandike tena, mama.

Keziah,
mama Dorcas