Kaimu Kocha Truphena

Jeddah,
9 Aprili 2016

Kwa dadangu mpendwa Truphena,

Pokea salamu zangu tele kutoka huku kwenye joto la kukaanga yai juu ya boneti. U mzima? Mama naye, magoti yametulia au bado anaisingizia mvua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila tumbo limetangulia mbele kwa ajili ya wali wa madam, mke wa mwajiri wangu. Barua hii anakuletea Elphas, dereva mwenzangu anayekuja likizo, maana kuna mambo ambayo kwa simu ulimi wangu huwa mzito.

Tulihama Riyadh mwezi wa pili. Kafili wangu, yaani huyo mwajiri, alipata kazi huku Jeddah, na dereva hufuata gari. Nilisikitika kuliacha soko la Batha, kwani ndiko nilikopata glovu ya besiboli katikati ya viatu vya mitumba. Mwuzaji alishikilia kwamba ni ya kushikia sufuria za moto, nami sikumbishia. Huku, kila Ijumaa nikishaosha gari, nacheza na Wafilipino kwenye kiwanja cha vumbi karibu na mtaa wa Ghulail. Waliposikia nilikuwa kocha wa chuo cha ualimu, waliniachia timu yao. Usicheke. Tumefungwa mechi nne.

Mwezi uliopita binamu yetu Hillary alinitumia video ya fainali yenu ya vyuo. Niliwaonyesha Wafilipino wangu nikijigamba. Mrushaji wako alikuwa amechoka na wapinzani walikaribia kuwafikia. Mimi ningemwacha pale pale, kwa kuwa ndiye nyota. Wewe ulimwendea polepole, ukamwambia jambo lililomfanya acheke, ukachukua mpira ukampa Justus. Justus yule wa mkono wa kushoto, niliyemwambia mimi mwenyewe akajaribu voliboli! Akawatoa wapigaji watatu mmoja baada ya mwingine. Nililia, Truphe, mtu mzima na ndevu zangu. Kapteni wetu aliuliza huyo kocha ni nani, nikasema ni dadangu. Akasema bila shaka chuo kilimwajiri zamani. Nikaizima video.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunitukana, nitukane, nimestahili. Kila mara unaniuliza ni kwa nini mkuu wa chuo hakuandiki kazi, umebaki kaimu kocha miaka mitatu, asubuhi unafundisha nasari, jioni uko uwanjani. Ni mimi. Kabla ya kuondoka nilimwambia kwamba utaolewa karibuni na kuacha kazi, kwa hiyo aniwekee nafasi yangu. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyeianzisha timu. Na kila mwaka nimempigia simu kumkumbusha. Nilijidanganya kwamba naogopa kurudi mikono mitupu. Ukweli ni kwamba niliogopa utanishinda. Umenishinda, na hakuna kitu kilichonipa fahari kama hicho. Nisamehe, dadangu.

Ndani ya bahasha kuna barua niliyomwandikia mkuu wa chuo. Nimemweleza kwamba nilisema uongo, kwamba nafasi hiyo siitaki tena, na kwamba asihangaike kutafuta mtu wakati kocha yupo. Sikuifunga. Isome kwanza, kisha umpelekee wewe mwenyewe.

Unisalimie Mama, na Lydia jirani na wanawe. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nikifika nitakuja uwanjani kukuomba kazi ya msaidizi. Ukininyima, sitauliza ni kwa nini.

Ni mimi kakako, mwenye upendo na haya nyingi,
Gilbert