Shati Linalogeuka Juani

Alhamisi

Na mimi ndiye niliyesomea kemia!

Miezi yote hii nimelaumu rangi. Mashati yangu meupe yanageuka zambarau juani vizuri kabisa, kisha yakifuliwa mara kumi yanakataa kugeuka. Nikachanganya dawa ya rangi upya, nikaanika upya juu ya paa, nikakasirika upya.

Leo Mama Zaina, fundi wetu wa cherehani pale mtaa wa Asiatique, alileta dukani kwetu shati nililompa ili alijaribu. Amelifua mara nyingi kuliko mimi. Mteja mmoja akalipenda, akalipeleka mlangoni alitazame kwenye mwanga, kama tunavyokagua kitambaa sote. Likageuka zambarau mikononi mwake.

"Ee! Inachuja!" Akalitupa.

"Apana, mama, haichuji." Mama Zaina akaliokota huku anacheka, akarudi nalo ndani. Tukasubiri. Weupe ukarudi polepole. Nilitaka kulia.

Nikamuuliza analifuaje.

"Kama vitenge vyangu. Nageuza ndani inje, naanika mu kivuli. Jua inakula rangi, we hujui?"

Najua. Nimeandika mwenyewe kwenye ripoti yangu ya rangi hii, ukurasa wa kwanza: jua ndilo linaloiamsha rangi hii, na ndilo linaloichosha. Halafu nikapanda na mashati paani.

Bado nina wasiwasi, maana wanunuzi wengi wataanika juani, na kitambaa lazima kivumilie. Lakini Mama Zaina yule! Hakuona ripoti yoyote, aliheshimu nguo tu.

Kesho nashusha kamba ya kuanikia kutoka paani, naifunga kivulini.